Fomu Niliyoijaza kwa Mkono Wangu

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipofuta alama kwenye fomu yangu ya skuli na kuiweka mahali pengine. Habari hii nimeshaisimulia mara mbili tatu, na kila mara niliisimulia vibaya, nikasema nilipangiwa. Sikupangiwa. Nilijaza mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa Sib, katika nyumba za serikali, upande ambao ndege zikishuka unayaona hata magurudumu yake. Tulihamia Oman nikiwa na miaka tisa, kutoka Mwanza. Baba alikuwa Mwarabu aliyezaliwa bara. Mama alikuwa mtoto wa Mwarabu na Msukuma, na rangi yangu mimi niliipata kwa bibi mzaa mama moja kwa moja, bila ya kupunguzwa. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kiarabu nilijifunza skuli, kwa kukosea mbele za watu.

Nyumba ya pili yake ilikuwa ya ami yangu, mdogo wake baba. Yeye alitangulia kurudi miaka mingi kabla yetu, akaoa huku huku, mwanamke wa milimani. Binti yao alikuwa umri wangu na tulisoma darasa moja. Kiswahili alikielewa chote lakini alikuwa akijibu kwa Kiarabu. Alikuwa mweupe, na nywele zake laini zilikuwa zikichomoza nje ya mtandio kila saa. Watu wakituona pamoja waliniuliza mimi ni nani wake. Nilisema ni mtoto wa ami yangu, nao waliniangalia mara ya pili.

Skuli yetu ilikuwa ya serikali, ya wasichana watupu. Walimu wengi walitoka Misri na Sudan, wasimamizi walikuwa Waomani. Sisi tuliosema Kiswahili tuliitwa Wazinjibari, yaani watu wa Unguja, sote, hata aliyezaliwa Mwanza au Bujumbura. Mimi Unguja nimeiona mara moja tu, baada ya kuolewa, siku tatu. Lakini sikuwa nikichukia kuitwa hivyo. Nilikuwa naitika.

Kwa utaratibu wa miaka ile, ukimaliza mwaka wa kwanza wa sekondari unachagua njia. Ilmi ilikuwa sayansi. Adabi ilikuwa lugha, historia na jiografia. Ukishaingia moja huwezi kuhamia nyingine. Waliosoma ilmi ndio waliotoka madaktari na wahandisi. Hakuna kanuni iliyosema nani aende wapi, ila ukisimama uani wakati wa mapumziko uliona. Upande wa maabara, walikokaa wasichana wa ilmi, ulisikia Kiarabu. Upande wa kantini, kwenye madarasa ya adabi, ulisikia Kiswahili na Kibaluchi kidogo, na nyuso nyingi zilikuwa za rangi yangu. Walikuwapo weupe wachache huku na weusi wachache kule, wa kutosha mtu kusema kwamba hakuna lolote.

Mimi nilipenda hesabu. Sijui kueleza kwa nini, labda kwa sababu kwenye hesabu hakuna aliyenicheka nilivyotamka. Kila siku baada ya alasiri binti ami alikuja kwetu na daftari lake, tukakaa kwenye korido, kwa kuwa ubaridi wa kiyoyozi cha ukumbini ulifika mpaka hapo. Nilimwelekeza kwa Kiswahili, yeye akauliza kwa Kiarabu.

"Mbona hapa umegeuza kujumlisha ukafanya kutoa?"

"Kwa sababu nimeivusha upande wa pili. Ukivusha, unageuza."

"Nani kasema?"

"Hebu fanya kwanza, utaona."

Alifanya, akaona. Alikuwa na akili, lakini alikuwa akiiogopa hesabu kama watu wanavyoogopa mbwa. Mwisho wa mwaka mimi nilikuwa wa pili darasani katika somo hilo. Yeye alikuwa katikati.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja yenye visanduku viwili. Tuliambiwa tutie alama kwa penseli kwanza, wino baadaye. Nikatia alama kwenye ilmi, sikufikiri sana. Siku mbili baadaye wakila, yaani naibu wa mwalimu mkuu, akaniita ofisini kwake.

Ingekuwa rahisi kusema alikuwa mkali. Hakuwa. Alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, nguo zake zinanukia udi, na aliniita mwanangu tangu nilipoingia mpaka nilipotoka. Fomu yangu ilikuwa mbele yake.

"Kiarabu chako kinakuangusha, mwanangu," alisema. "Na fizikia ni Kiarabu. Kemia ni Kiarabu."

"Hesabu napata, mwalimu."

"Najua. Hizo hesabu za mwaka wa kwanza." Akatabasamu. "Nyinyi mliotoka Afrika Mungu kakupeni Kiingereza. Ukisoma adabi utapasi vizuri, utapata kazi ya ofisini, utaolewa. Ukienda ilmi utaanguka, na mimi nitakuwa ndiye niliyekuachia uanguke. Nakuhurumia."

Akaisogeza fomu upande wangu, juu yake ameweka kifutio. Hakusema nifute. Alivuta karatasi nyingine akaanza kuzisoma. Kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji ndani ya ndoo pembeni ya dirisha. Nilisubiri kuona nitafanya nini. Ndivyo ilivyokuwa, nilisubiri, kama anayemsubiri mtu mwingine. Kisha nikafuta, nikatia alama kwenye adabi, nikapuliza vumbi la kifutio.

"Hodari," akasema.

Nyumbani nikawaambia nimepangiwa adabi. Baba akasema wamekosea, bila shaka wamechanganya majina. Lakini wanaume hawakuruhusiwa kuvuka geti la skuli ya wasichana, kwa hiyo aliyekwenda ni mama. Alivaa abaya yake ya kuendea harusini. Cheti changu cha matokeo alikitia kwenye mfuko wa plastiki ili kisikunjike, akakishika mkononi njia nzima.

Kiarabu cha mama kilikuwa cha sokoni na cha sala. Tulipokaa mbele ya wakila, alianza mwenyewe, akakwama kwenye sentensi ya pili, akanigeukia. Basi nikawa mkalimani. Mama alisema kwa Kiswahili kwamba mwanawe ni wa pili kwa hesabu, na anataka kujua kwa nini katiwa adabi. Nikafasiri. Wakila akafungua jalada, akatoa fomu yangu, akaiweka mezani ielekee kwa mama.

"Mwambie mama yako kwamba hatukumtia mtu mahali. Umejaza mwenyewe."

Mama aliiangalia ile karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, kisha akaniangalia mimi.

"Anasemaje?"

"Anasema nimejaza mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Hakupandisha sauti. Aliweka mkono juu ya mfuko wa plastiki. Kisha akasema pole pole, kama anayenipa nafasi ya kukamata kila neno: "Mwambie hivi. Mtoto aliyeitwa peke yake mbele ya mtu mzima, akapewa karatasi, huyo hajajaza mwenyewe. Mwambie mimi si mjinga. Mwambie nnaziona rangi za watoto walioko kule na walioko huku."

Wakila alikuwa akinitazama, kalamu mkononi, anasubiri.

Nikasema kwa Kiarabu: "Mama anakushukuru sana, mwalimu."

Wakila akainamisha kichwa kwa heshima. Akamwambia mama karibu wakati wowote. Tukatoka.

Tulirudi kwa miguu, kupita nyuma ya msikiti, jua kali, hakuna mtu njiani. Tulipofika kwenye maduka mama akasema bila ya kunigeukia, "Niliyoyasema mimi siyo uliyomwambia."

Nikaendelea kutembea nyuma yake.

"Nimesikia kushukuru. Neno hilo nnalijua, mwanangu. Ni letu sote."

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Akaingia dukani kununua nyanya na bizari. Nikamshikia mfuko wa cheti akichagua. Nilitaraji atanigombeza tukifika nyumbani, au atamwambia baba. Kwa baba alisema tu kwamba hawakukubali. Mpaka anakufa hakulizungumza tena jambo hili, si kwa wema wala kwa ubaya, na mimi sikulianzisha.

Miaka miwili ya adabi nimeisahau karibu yote. Ilikuwa ni kuhifadhi kurasa na kuzimwaga kwenye mtihani. Wenzangu walikuwa wachangamfu, tukicheka sana, kwa Kiswahili, na hakuna aliyetukataza. Sikumbuki kulia. Nakumbuka kwamba nilikuwa nalala sana mchana. Mama mara moja alinipima homa kwa kiganja chake, akakuta sina.

Binti ami yeye aliingia ilmi. Aliendelea kuja na kitabu chake, nami niliendelea kumwelekeza. Mambo yakawa mapya kwangu pia, kwa hiyo nilikuwa namwomba aniachie kitabu Alkhamisi, nakisoma Ijumaa nzima, Jumamosi namfundisha nilichojifunza jana yake. Hivyo ndivyo nilivyosoma sehemu ya ilmi, kwenye korido, bila ya kuandikishwa. Mwaka wa mwisho ami akamtafutia mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Siku ya kwanza alikuja kuniambia kwamba hatakuja. Siku ya pili hakuja. Nikakunja zulia tulilokuwa tukilikalia pale kwenye korido.

Nilipasi vizuri. Nilipata kazi katika kampuni ya bima Qurum, ghorofa ya tatu, kujibu barua na simu za wazungu, kwa sababu ya Kiingereza changu. Baada ya mwaka niliolewa. Yote aliyoyasema yule wakila yalitimia, neno kwa neno, na ndiyo maana huwa nashindwa kumweleza mtu kilichoharibika. Watu wanauliza, "Basi hukufanikiwa?" Nimefanikiwa. Nna nyumba, gari, watoto watatu.

Binti ami alikuwa mfamasia wa hospitali. Miaka ya elfu mbili ilipofika katikati alihamia Azaiba, na siku moja nilipita kwake kumpa pole, amefiwa na mama mkwe. Wageni walikuwa wameshaondoka. Tukakaa jikoni, anamimina kahawa. Habari zilikuwa kwamba skuli zinabadilisha utaratibu, ilmi na adabi zinaondolewa, na nikasema tu, kwa kupitisha wakati, kwamba sisi tuliwahi mapema mno.

Akaliweka birika chini.

"Mimi nilijaza adabi," alisema. Alisema kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Nilikuwa naziogopa zile hesabu, we unajua. Nilijaza adabi, nikifikiri na wewe utakuja huko, tukae pamoja. Wakila akaniita. Akaniambia, wewe? Adabi ya nini wewe? Jitahidi, utaweza, tutakusaidia. Akanibadilishia palepale."

"Lini?"

"Wiki ile ile. Nilipokuona adabi nilidhani umependa mwenyewe. Halafu nikasikia mama yako kaenda skuli. Nikaelewa. Na bado nikaja na kitabu ukanifundisha." Akaanza kulia, mwanamke wa miaka thelathini na ushei. "Miaka yote hii nimeshindwa kukwambia."

Nilimpa karatasi ya kupangusia uso. Nikamshika mgongo. Nilisema maneno ambayo watu husema, kwamba tulikuwa watoto, kwamba yamepita, kwamba yeye hakufanya kosa, na maneno hayo yote yalikuwa kweli. Nilikuwa najisikiliza nikiyasema.

"Huna hasira?" aliniuliza.

Nilitafuta. Kweli nilitafuta, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha jikoni, kama mtu anayepapasa mfukoni.

"Sijui," nikamwambia.

Alinifungia mkate wa mofa niende nao kwa watoto. Nikaendesha kurudi Sib, magari yamejaa barabarani, saa ya watu kutoka kazini. Mume wangu akanipigia simu kuuliza nimefika wapi. Nikamwambia niko karibu na uwanja wa ndege, aanze kupasha mchuzi.