Shangazi yangu alikuwa staa wa sinema, akasomewa hitima akiwa hai

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijaitunga, na shangazi mwenyewe kaniruhusu niiandike mradi niseme alikuwa mzuri.

Alikuwa mzuri, wakuu. Na bado.

Shangazi Zainabu aliigiza filamu tatu, zile za elimu zilizokuwa zinazungushwa vijijini na gari la sinema. Ya tatu alikuwa bibi harusi anayeugua kipindupindu. Reel ya kwanza, yaani mkanda wa kwanza, inaisha kafunikwa shuka, watu wanalia. Ya pili anazinduka hospitali.

Gari likafika Kibakwe, kwa bibi yangu, mama yake shangazi. Reel ya kwanza ikaisha, jenereta likagoma, jamaa wa gari wakafunga vyombo wakaondoka.

Bibi hakuwahi kuona sinema. Alichoona ni mwanawe kafa. Kilio kikaanza palepale, kesho yake majirani wakaleta unga na kuni.

Simu ya nani enzi hizo?

Shangazi alitokea siku ya hitima, hana habari, kashuka kwenye lori na miwani yake ya jua. Akala ubwabwa wa hitima yake mwenyewe (msicheke).

Bibi alimkumbatia, akamzaba kofi, akamkumbatia tena.

"Zai, mie nishakulilia mara moja. Sinema basi."

Shangazi akaacha kweli. Akashona nguo za watu Dodoma mjini miaka na miaka, ila wanja hakuacha.

Enzi za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, nikafungua kibanda cha video. Jamaa mmoja akanipatia ile filamu nzima kwenye kanda. Bibi alikuwa kahamia kwa shangazi, macho yanaanza kufifia, na shangazi alitaka kitu kimoja tu: mama yake aone mwisho kabla hajapofuka.

Bibi aligoma wiki nzima. Mwishowe akakubali, mradi amshike shangazi mkono. Lile shuka lilipovutwa usoni, alimfinya mpaka kucha zikaacha alama.

Halafu Zainabu wa kwenye TV akafumbua macho, akaomba uji.

Bibi akasema, "Kumbe uliamka. Na mie nikakukalisha kwenye cherehani."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Mjukuu wangu, rudisha pale anapoamka."

Nilirudisha mara tisa, mpaka deki ikatafuna kanda. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: usimkatishe mtu kazi anayoipenda kwa nusu ya stori.

Bibi katangulia. Shangazi yupo hapa pembeni, kajipaka wanja, anasubiri nimsomee comments. Anauliza kama kuna yeyote humu anayemkumbuka yule bibi harusi.