Lemein Aliyekiri Kumuua Simaloi

Nianze na hili, kwa sababu nimechoka kulirudia kila nikienda kununua chapati: Lemein ole Katoo hakumuua Simaloi. Simaloi hajawahi hata kuzaliwa. Ni mtu wa runinga, mwimbaji wa injili wa kutungwa, na aliyeigiza akiuawa ni Jacinta, mama wa watoto wawili anayeuza mitumba hapa Kitengela. Jacinta yuko mzima kuliko mimi.

Naitwa Wasike. Mimi na Lemein tumechonga mawe kwari moja kwa miaka saba. Lemein ni mpole, haongei sana, na mawe yake yamenyooka mpaka mafundi wa nyumba wanayaagiza kwa jina lake. Moyoni alikuwa na jambo moja tu: Nailantei, mwalimu wa chekechea kule Kisaju. Posa ilikuwa imekubaliwa, wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa mara mbili, ilibaki kutajwa siku tu.

Ndipo akatokea Ondiek, mtengenezaji wa vipindi kutoka Nairobi, na kamera yake na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwari! Alikuwa anatafuta uso wa mtu atakayeshtakiwa kwa kumuua staa. Akamwona Lemein amekaa juu ya jiwe anakula maharagwe, akasema, ni huyu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele kabisa nikitabasamu hadi mashavu yanauma. Hakunitazama hata mara moja, na sijamsamehe.

Hadithi ilikuwa hivi. Staa anapatikana amekufa nyumbani kwake, polisi wanamkamata jirani yake mchonga mawe, wanampiga mpaka anakiri kortini, na kipindi cha mwisho kabisa ndipo jaji anagundua kwamba muuaji ni meneja wa yule staa. Korti yenyewe ilikuwa ukumbi wa kanisa, na kizimba kilipigwa misumari na fundi tunayemjua.

Ondiek akamwambia Lemein atumie jina lake mwenyewe, litamtoka vizuri mdomoni. Akakubali. Kisha akaulizwa, huyu staa ni msichana wa Kimaasai, awe wa ukoo gani ndio isikike kama kweli? Sasa sikiliza ujinga wa mtu aliyependa. Lemein, ambaye kichwani hakuna kingine ila Nailantei, akasema Ilmolelian. Ukoo wa kina Nailantei! Aliniambia baadaye kwamba aliona ni kama anampa zawadi.

Kipindi kilikuwa kinatoka Jumapili jioni, na Kitengela nzima ilikuwa inatazama. Wiki ya saba tulijaa hoteli ya Florence, wengine wamesimama. Lemein akaonekana kizimbani, jicho moja limefura, akasema kwa Kimaa na kisha kwa Kiswahili: "Mimi, Lemein ole Katoo, nimemuua Simaloi, binti wa Ilmolelian." Akalia machozi ya kweli. Mimi nikapiga meza kwa furaha, nikasema, huyo ni rafiki yangu! Mungu anisamehe, sikujua nashangilia nini.

Jumatatu vijana wa boda boda wakaanza: "Muuaji, panda nikupeleke rumande!" Ilikuwa utani. Lakini mama mmoja sokoni alimvuta mtoto wake kando, na huo haukuwa utani. Lemein hangeweza kujitetea, maana mkataba aliosaini ulimkataza kusema kesi inaishaje.

"Wasike, nimebanwa," akaniambia.

"Wiki tatu tu," nikamjibu. "Jaji atakuachilia, kila mtu ataona."

Kabla wiki haijaisha, akaitwa Kisaju na baba yake Nailantei, Mzee Gideon, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Akaniomba twende wote, kwa vile mimi niko na mdomo. Tulipofika, Lemein akainamisha kichwa aguswe, vile kijana husalimia mzee. Mzee Gideon akaacha mikono yake juu ya fimbo. Lemein akabaki ameinama. Nilihesabu pumzi zangu, na bado ameinama. Niliumia kuona mwanaume mzima amewekwa hivyo.

"Mzee," nikaingilia, "ile ni sinema tu."

"Kijana, mimi niko na runinga na niko na simu. Najua ni sinema. Simaloi hayuko. Katoo yuko?"

"Yuko. Ni baba yake."

"Na Ilmolelian tuko?"

"Mko, mzee."

"Basi huyu amesimama mbele ya nchi nzima na jina la baba yake, akasema damu yetu iko mikononi mwake. Watu wetu wananipigia mpaka kutoka Magadi. Wananiuliza kama huyo ndiye nampa mtoto. Damu ikishatajwa hivyo, nyumba mbili hazioani mpaka ioshwe. Alete mtamba mmoja na kondoo wa kutakasa, aseme mbele ya wazee kwamba anaosha. Asipoleta, posa imeisha."

Mzee hakuwa mjinga hata kidogo, na hilo ndilo liliniudhi zaidi.

Nailantei alitusindikiza hadi kwa lango. Ni msichana mdogo wa umbo, lakini akiongea unasimama wima. "Lemein," alisema, "usilete chochote. Ngoja kipindi cha mwisho. Nchi ilisikia ukikiri, acha isikie jaji akisema huna hatia, na mimi nitamkabili baba hapo hapo. Ukileta huyo kondoo, utakuwa umekubali uliua."

"Sileti," Lemein akasema. Nilisikia kwa masikio yangu.

Jumapili iliyofuata tukakaa kwa Florence kungoja. Badala ya korti, wakaweka mpira. Jumapili nyingine, mpira tena. Wenye matangazo walikuwa wamejitoa, na runinga ikakitupa kipindi. Ondiek akipigiwa simu ni mteja hapatikani. Ile hukumu haikuwa hata imerekodiwa! Jaji mwenyewe, mwalimu mstaafu wa hapa mtaani, alitwambia alikuwa bado anaikariri. Kwa hiyo Lemein akabaki kizimbani. Alikuwa amekiri, na hakuna mtu wa kumwachilia.

Nikapata wazo, na nilijiona mwerevu sana. Nikambeba Jacinta kwa pikipiki yangu mpaka Kisaju, akasimama mbele ya mzee akasema, "Mzee, mimi ndiye niliyeuawa. Niangalie, niko hai."

Mzee Gideon akamwangalia kwa heshima. "Karibu, mama. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Machakos."

"Nashukuru Mungu uko mzima. Lakini aliyekufa alikuwa wetu."

Akaitisha chai, tukanywa, tukarudi.

Baada ya hapo Lemein hakulala vizuri wala hakula. Jiwe lake likaanza kutoka limepinda. Mzee alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi. Siku moja hakuja kazini, na nikajua. Nikafika Kisaju nikakuta imeshafanyika: mtamba umefungwa, kondoo amechinjwa, Lemein amepakwa mafuta kichwani, wazee wanabariki na wengine wanaitikia "Naai! Naai!" kama amina Mzee Gideon akamwekea mkono kichwani, mkono mzito wa mapenzi, akamwita mwanangu. Lemein alikuwa analia, na sasa hakuna kamera.

Nailantei alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, sare yake ya ualimu bado mwilini. Lemein akamfuata mbio. "Imekwisha," akamwambia. "Tuko huru. Nimefanya kwa sababu yako."

"Kwa runinga walikupiga ndio ukakiri," Nailantei alisema. "Hapa ni nani amekupiga?"

Lemein akapangusa mafuta yaliyokuwa yanamtiririka usoni.

"Nafundisha watoto wa miaka minne wasikubali kosa ambalo si lao. Kesho mtu akinisingizia mimi, utakiri pia kwa niaba yangu, ndio kuwe na amani?" Akajipangusa macho. "Nenda, Lemein. Nakupenda, lakini nenda."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilimkasirikia Ondiek, nikamkasirikia mzee, na huyu mpumbavu wangu niliyempandisha pikipiki kumrudisha nyumbani.

Hiyo ni miezi minne sasa. Tunachonga mawe, hatulizungumzi. Ila kila Jumamosi simu yake inalia, na ni Mzee Gideon, anauliza kwa upole mbona mwanawe haji kumchukua bibi arusi.