Gauni la Kijani na Nywele za Hina

Mimi ni fundi wa nguo, na kwa miaka mingi nilijisifia kitu kimoja: jicho. Wengine wape tepu na makasi. Mimi niletee mtu asimame mlangoni, nitakwambia rangi yake kabla hajamaliza kusalimia. Kibanda changu kiko Ruiru, karibu na soko, na wateja walishazoea kuniachia kazi hiyo. "Wewe chagua tu, fundi," walikuwa wakisema, nami nachagua. Kichwa kilikuwa kimenivimba, sitaficha.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Thika. Alikuwa Mwislamu, mpole wa kauli, amejitanda mtandio mweusi uliozunguka uso kwa unadhifu. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka gauni la sherehe ya wanawake, ile ambayo wangeifanya nyumbani Jumapili mchana, wanaume wote wakiwa wamefukuzwa. Nikampima. Nikamtazama uso: maji ya kunde, mashavu ya mviringo, macho yanayocheka hata mdomo ukinyamaza.

"Pinki," nikasema. "Ile iliyokolea."

Akasita kidogo, akashika ncha ya mtandio, kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye fundi."

Laiti ningemuuliza kwa nini alisita! Lakini nilikuwa nishaanza kuiona lesi ya mikono. Nilishona gauni lile kwa furaha wiki nzima, na Ijumaa nikalipeleka Thika mwenyewe badala ya kulituma, maana nilitaka kuwepo atakapojitazama kwenye kioo. Sifa huwa tamu zikiwa moto.

Binti ndiye aliyenifungulia. Tuliingia chumbani sisi wanawake watatu, mlango ukafungwa, mama akavaa. Gauni lilimkaa vizuri sana, kiuno mahali pake, pindo mahali pake. Nilishaanza kutabasamu. Kisha akautoa mtandio.

Ngai! Nywele zake zilikuwa nyekundu. Fupi, nene, nyekundu ya hina iliyolala kichwani mpaka ikashika sawasawa, rangi ya udongo wa huku kwetu mvua ikishapita. Zilikuwa nywele nzuri ajabu. Na pinki yangu ilikuwa inapigana nazo. Gauni lilipiga kelele, nywele zikajibu, na uso wake katikati ukapauka kama wa mtu aliyelala njaa.

Hapo nikaelewa kosa langu. Katika sherehe ya wanawake peke yao, mitandio huvuliwa. Watu hujipamba vichwa, husuka, huachia nywele. Mimi nilikuwa nimechagua rangi kwa kutazama uso na kitambaa cheusi, kana kwamba huyu mama alizaliwa na mtandio. Yeye hakusema kwa sababu nywele zake si jambo la kutangazwa kibandani sokoni. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijua kila kitu.

Alijitazama kwenye kioo kwa muda, kisha akatabasamu kwa adabu. "Si neno. Gauni ni zuri sana, fundi wangu. Nitajitanda tu siku hiyo."

Binti alitoka chumbani. Nilimfuata jikoni, nikamkuta ameishika sinia, haioshi wala haiweki.

"Unajua ni kwa nini ametia hina?" akaniuliza. "Alikuwa mgonjwa. Dawa ziliangusha nywele zote. Miaka miwili hajafunua kichwa mbele ya mtu, hata dada zake. Eid wakija hapa, wanakaa vichwa wazi, yeye anakaa na mtandio ndani ya nyumba yake. Zikaota tena, nyeupe pe, tukazitia hina mimi na yeye. Akaniahidi, siku yangu ataingia kichwa wazi. Mimi hakuna zawadi ingine nilimwomba." Akaweka sinia chini. "Sasa amepata sababu ya kujificha."

Sababu yenyewe ilikuwa mimi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na haya yangu huwa hayakai, hugeuka hasira papo hapo. Nikarudi chumbani.

"Mama, hutajitanda."

"Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hii ni nguo, si maji. Nipe mpaka Jumapili asubuhi."

Kushona hakukunitisha, vipimo nilikuwa navyo. Shida ilikuwa rangi. Jicho langu sikuliamini tena, na kichwa cha mtu huwezi kukibeba ukazunguka nacho madukani. Nilisimama nje ya duka moja la vifaa vya saluni pale mjini Thika nikiwaza hivyo, na mbele yangu, zimening'inia kuanzia mlangoni hadi ukutani, zilikuwa rasta za kusukia, nywele za bandia za kila rangi. Nilicheka peke yangu barabarani. Nikaingia, nikatoa bando moja baada ya jingine kwenye mwanga wa jua, mpaka nikaipata ile hina yenyewe, au ndugu yake wa karibu kabisa. Nikanunua, nikaifunga kichwani kwa utepe, nikaelekea maduka ya vitambaa.

Nilikuwa kichekesho cha Thika nzima alasiri hiyo. Mwanamke mzima, rasta nyekundu zimemwagika mabegani bila kusukwa, anavuta kitambaa hadi kidevuni na kukimbilia mlangoni kujitazama kwenye kioo.

"Haiya! Fundi, siku hizi umekuwa msanii?" muuzaji mmoja, mama ninayemjua, akaniuliza.

"Nyamaza, nipe ile nyekundu."

Nyekundu ilibishana na nywele kama mawifi wawili jiko moja. Rangi ya chungwa ilinimeza, hukujua kichwa kinaishia wapi na gauni linaanzia wapi. Kijivu kilinifanya mgonjwa. Njano haikuwa mbaya, ila ilinipa sura ya mtu anayetangaza biashara. Krimu ilinipendeza, lakini ilikuwa pole mno kwa mama wa bi harusi. Zambarau iliyokoza ilinifanya nisimame kidogo. Muuzaji naye alikuwa ameshaacha kucheka, sasa anashusha majora kwa mikono miwili, anasema, "Ngoja, ngoja, jaribu hii." Wateja wake wawili wakaacha shughuli zao wakawa wanapiga kura.

Kisha akashusha kijani. Si kile cha majani machanga. Ni kijani cha chupa, kizito, chenye mng'ao wa mbali. Nikakiweka chini ya kidevu, nikaenda mlangoni, na sote wanne tukapiga kelele pamoja. Nywele ziliwaka! Wala hazikupigana na mtu. Kijani kilikaa chini yake kikazishika, na uso wangu huu wa kawaida, uliochoka, ukapata damu.

"Hata mimi natia hina wiki ijayo," muuzaji akasema.

Jumamosi nilifunga kibanda, nikashona mchana kutwa. Sikuweka lesi. Shingo niliiacha wazi na rahisi, ili macho ya mtu yakipanda yasikwame njiani. Jumapili asubuhi nikalipeleka. Mama alilipokea, akanishukuru, akaenda kulivaa peke yake na kufunga mlango. Hakuniita nimwone. Kwa hiyo niliingia sebuleni na wanawake wengine bila kujua lolote.

Mlangoni shangazi mmoja alikuwa na kikapu, anakusanya simu zote. Ndivyo ilivyo, vichwa viko wazi na picha hakuna. Ndani kulikuwa na rangi, harufu ya uturi, dufu, na bi harusi ameketi juu ya mito, macho kwenye mlango wa chumba cha mama yake. Mimi nami macho yangu yalikuwa hapo hapo. Moyo ulinidunda kama ni mimi ninayeolewa.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa amevaa kijani. Na kichwani alikuwa na mtandio mweusi.

Alisimama pale kizingitini, mkono umeshika ile ncha, kama siku ile kibandani. Dufu lilinyamaza. Alimtazama binti yake, binti akamtazama. Kisha akaushusha mtandio mabegani, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya kiti.

Dada yake mkubwa ndiye aliyeinuka kwanza. "Zimerudi!" akalia kwa sauti. "Jamani, zimerudi!" Vigelegele vikapasuka, wakamzunguka, wakamshika kichwa kwa mikono yao, wakizivuruga zile nywele, wakinusa hina, kila mmoja akitaka zamu yake. Bi harusi alisahau mito na maringo, akaja mbio akilia na wanja wote ukimtiririka. Nililia pia. Nilipiga kigelegele changu cha Kikristo, kirefu kuliko vyote.

Harusi ya hadhara ilikuwa wiki iliyofuata, na huko mama alivaa ile pinki yangu, amejitanda vizuri, akapendeza sana. Picha hiyo ninayo kwenye simu. Wateja wakiiona husema, "Hii ndiyo kazi yako nzuri kuliko zote," nami nasema asante. Ya kijani sina picha, na sitakuwa nayo. Mama mwenyewe ameniruhusu kuandika haya, mradi nisimtaje.

Siku hizi nikipima mtu aliyejitanda, namuuliza kwanza nguo ataivaa wapi na kwa kichwa gani. Zile rasta nimezitundika juu ya cherehani pamoja na kipande cha kijani kilichobaki. Na kila mtu anaposifu ile picha ya pinki, mimi hutazama ukingo wa mtandio mweusi, pale kwenye paji la uso, kwa sababu najua kilichoko chini yake.