Sufuria Moja ya Bugali

Juzi sokoni Chilinde, nikisubiri mvua ikatike, nilisoma katika kitabu chakavu kwenye meza ya mitumba kwamba wafalme wa kale walizidisha ukubwa wa majeshi waliposimulia vita, na kwamba anayetaka ukweli aulize askari walikula nini. Nikakumbuka alasiri moja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, harufu ya makaa na vumbi, baba akiwasimulia majirani jinsi askari walivyovamia kijiji, tukakimbia tukamwacha kaka yangu Musa shambani.

"Balikuwa maelfu," alisema. "Ningemurudilia mutoto namna gani?"

Mama alikuwa akisonga nsima, ugali wa huku. Alijibu bila kugeuka:

"Baba Musa, mi njo nilibapikia abo baaskari kabla ya kutoroka. Sufuria moja ya bugali ilibatosha, na ikabakia."

"Woga ilikufunga macho, mama," baba alimwambia.

"Njaa yabo niliiona."

Majirani waliaga mmoja mmoja. Mimi, bado mtoto, nilidhani mama anajisifia upishi, nikasema kwa sauti kwamba sufuria yake ingeshibisha hata jeshi zima. Baba alinawa mikono, akatoka bila kula, na tangu siku hiyo hakuitika tena alipoitwa Baba Musa.