Jina Lililoongezwa Kwenye Litania

Jumamosi moja asubuhi jumuiya yetu ya Boko ilisali litania ya watakatifu barazani kwa mzee mmoja mstaafu, aliyefiwa na mkewe miezi mitatu kabla. Yeye ndiye aliyeongoza. Katikati ya mitume na mashahidi akataja jina la mkewe, akilitangulizia neno "Mtakatifu". Nusu yetu tuliitikia "utuombee" kwa mazoea. Wengine wakatazamana.

"Mzee, huyo hayumo!" alisema mwenyekiti wetu, mama asiyejua kunong'ona.

"Hayumo wapi? Kitabuni au mbinguni?"

Mzee akaendelea na jina lililofuata. Baada ya sala mzee akaniita pembeni, maana mimi ndiye katekista. "Mwalimu, hebu nieleze. Nani anaamua?"

Swali hilo lilinisumbua hata mimi nilipokuwa najifunza. Nikamwambia kwamba zamani walioanza ni waumini wenyewe. Walikusanyika kila mwaka kwenye kaburi la mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani, wakamwomba awaombee. Askofu wa mahali akikubali, yameisha. Lakini wapo waliosifiwa bila kuchunguzwa, ndipo baadaye uamuzi ukabaki kwa Papa. Siku hizi maisha ya marehemu huchambuliwa, hutafutwa miujiza, na mashahidi waliomfahamu huhojiwa. "Nyumbani kwako unaweza kumwomba mkeo akuombee," nikamalizia. "Ila kumwita mtakatifu mbele ya watu kabla ya tangazo la Papa hakuruhusiwi."

"Hao mashahidi wanasema mazuri tu?"

"Na mabaya pia. Wanaulizwa kabisa."

Akacheka. "Basi mie wasiniite. Aliwahi kunirushia mwiko, tena mara mbili." Kicheko kikakatika. "Kwa hiyo bila tangazo, hakufika?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha.

"Sivyo, mzee. Tangazo halimpeleki mtu mbinguni. Linatuhakikishia tu sisi tuliobaki kwamba fulani yuko huko. Waliofika bila kutangazwa ni wengi mno, ndiyo maana wana sikukuu yao, na mstari wao kwenye litania."

"Mstari upi?"

Nikafungua kitabu, nikauwekea kidole. Aliusoma kimya, midomo ikicheza.

Jumamosi iliyofuata aliongoza tena. Hakuongeza jina hata moja. Alipofika "Watakatifu wote wa Mungu", tukaitikia, naye akaurudia. Tukaitikia tena. Akaurudia mara ya tatu, na safari hii mwenyekiti alituzidi sote kwa sauti: "Mtuombee!"