Siku Tuliyokwenda Jumbani Kumsalimia Mama

Wiki iliyopita kina mama wa jumuiya yetu walikutana sebuleni kwangu, hapa Nakwa, kupanga matembezi. Wanataka tukodi kosta twende wote kuliona lile Jumba la mawe lililoko juu, ukishapita Sigino, ambalo siku hizi limekarabatiwa na watu hulipa kiingilio kutembea kwenye bustani zake. Mwenyekiti alikuwa anagawa kazi: huyu pilau, huyu soda, huyu mikeka. Aliponifikia akauliza kama naijua njia. Nikasema naijua. Kisha nikaenda jikoni kuongeza chai, nikakaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Wao sikuwaambia kitu. Wewe nitakueleza.

Ilikuwa miaka ile ya shida, vita vimekwisha na maduka yamebaki na rafu tupu. Kama ulikuwepo utakumbuka. Tulikula ugali wa unga wa njano, tukafua kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuonekana, na miguuni tulivaa katambuga za tairi zilizokuwa zikituchubua vidole. Sukari ikija kwenye duka la ushirika, mji mzima ulijua kabla mifuko haijashushwa. Mafuta ya magari nayo yalikuwa adimu hivi kwamba Jumapili mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea. Barabara ya Arusha ilinyamaza, ukasikia kuku wa upande wa pili wakiparua.

Nilikuwa naishi na bibi yangu, sisi wawili tu. Baba nilielezwa kwamba alikwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mkonge. Mama, kila nilipouliza, watu walisema amesafiri. Nyumba za jirani zilijaa watoto. Jioni nilisikia wanavyogombania ukoko wa sufuria, wanapigana, wanacheka, wanaitwa mmoja mmoja kuoga. Kwetu nilikuwa naitwa mimi peke yangu. Sufuria ilikuwa yangu, ukoko wangu, na sikuwa na wa kumnyang'anya. Nilikuwa na tabia ya kumsimulia kuku wetu mweusi mambo ya shuleni, na nikiona Bibi anakaribia najifanya namwita aje kula.

Bibi alikuwa mtu wa Mbulu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, lakini na mimi alizungumza Kiswahili makusudi, nisije nikachekwa darasani. Kwa hiyo maneno yake yalikuwa machache na mafupi. Jioni moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikamwambia kwamba watoto shuleni wananiuliza mama yangu yuko wapi na mimi sina la kuwajibu. Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea mlimani.

"Mama yako yuko kule Jumbani, kwenye bustani," alisema. "Mvua ikiisha tutakwenda kumsalimia."

Na kwa Bibi huulizi jambo mara mbili.

Habari za Jumba nilikuwa nazo. Lilijengwa na mzungu wa kahawa, akaondoka zake, likachukuliwa na shirika la umma. Nilijua kwamba mama yangu aliwahi kufanya kazi huko ya kumwagilia maua, na baba aliendesha trekta. Watu waliolifikia walisema lina madirisha marefu kama ya kanisa, mijakaranda imepangwa njia nzima, na bwawa la mviringo lenye maua yanayoelea. Sasa picha yote ikakamilika kichwani mwangu. Mama hakusafiri mbali. Alikuwa hapo juu tu, ana kazi nyingi, maua hayaachiki. Ndiyo maana haji.

Tukaanza kupanga. Sidhani kama katika maisha yangu nimewahi kupanga jambo kwa furaha namna ile. Zamani Bibi alikuwa akipewa lifti na lori la shirika lililokuja mjini, lakini lori lilikosa dizeli likalala. Akaamua tutakwenda kwa miguu, siku ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Tatizo likawa nguo. Khanga yake ya kutokea ilikuwa imechanika ikashonwa, ikachanika tena pembeni ya mshono. Alisema hawezi kwenda kule amevaa hivyo. Tukasubiri khanga zije dukani. Zikaja, tukapanga foleni tangu alfajiri, zikaisha kabla hatujaufikia mlango. Mvua zikawa zimekwisha, majani yakaanza kukauka, na sisi bado tunasubiri khanga.

Mimi nilitumia siku hizo kujiandaa. Nilifanya mazoezi ya shikamoo, yenye sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. Niliamua nitamweleza kwamba nasoma bila kufuata kwa kidole. Nilikuwa na wasiwasi kwamba hatanitambua, maana aliniacha mdogo, basi nikapanga nisimame karibu kabisa na Bibi, nimshike mkono, ili ajue mimi ni nani. Usiku nilimpa sura. Siku nyingine alikuwa mnene, siku nyingine alifanana na mwalimu wetu wa darasa, ambaye alinukia mafuta ya nazi.

Aliyetutoa kwenye foleni ni jirani yetu, mke wa mwenye duka, Mwislamu wa asili ya pwani. Alisikia habari zetu kisimani. Siku ya Jumamosi akaja na doti ya khanga iliyokunjwa, bado ina harufu ya udi, akaiweka mapajani mwa Bibi. Bibi akakataa. Jirani akairudisha palepale.

"Chukua, mama," alimwambia. "Kwa mwanao huwezi kwenda na matambara."

Nilisikia kwa masikio yangu. Kwa mwanao. Nikatoka nje nikakimbia kuzunguka nyumba.

Tulifungasha viazi vitamu vya kuchemsha na kibuyu cha maziwa ya mgando. Barabara ilikuwa tupu, jua kali, na Bibi alitembea polepole akiinua pindo la khanga ya watu isiguse vumbi. Sigino tuliomba maji kwenye nyumba moja. Wenyeji walipouliza tunakokwenda, nilijibu mimi kabla yake, nikasema tunakwenda kwa mama. Mama wa nyumba ile akamtazama Bibi, akanipa kipande cha muwa.

Mijakaranda niliiona kweli, mingine imekatwa kuni. Jumba lilikuwa kubwa kuliko nilivyoambiwa, na kimya. Bwawa halikuwa na maji, ndani yake kulikuwa na majani makavu na gurudumu. Zile nyasi zilizosifiwa zilikuwa zimelimwa, wafanyakazi wamepanda mahindi mpaka chini ya madirisha, na mahindi yenyewe yameshavunwa, yamebaki mabua. Mlinzi mzee alitufungulia geti bila maswali mengi. Alimshika Bibi mkono kwa mikono miwili, akasema pole mama, siku nyingi. Bibi akachukua njia ya chini, pembeni mwa bustani.

Mimi sikumfuata. Nilipanda ngazi za mawe mbio, nikasimama kwenye mlango mkubwa, nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikachungulia dirishani, nikaona chumba kirefu kisicho na kiti hata kimoja. Nikazunguka nyuma, jikoni, nako nikapiga hodi. Kisha nikateremka nikamkuta Bibi amesimama karibu na mti, ananitafuta kwa macho.

"Hayupo," nilimwambia. "Wamefunga milango."

"Nani hayupo?"

"Mama."

Niliona uso wa Bibi unabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesikia jambo kutoka mbali na hajaamini kwamba limesemwa.

"Nani amekwambia mama yuko ndani ya nyumba?"

"Wewe, Bibi."

Akakaa chini. Alikaa hapohapo kwenye udongo, na ile khanga aliyoilinda njia nzima. Mbele yake kulikuwa na mawe yaliyopangwa kuzunguka kipande cha ardhi, na nikaona kwamba mabua yote ya mahindi yalikuwa yamekoma kabla ya kuyafikia.

"Nilidhani unajua," alisema. "Mwanangu, mimi nilidhani unajua."

Ndipo akanieleza, kwa Kimbulu sasa, maana Kiswahili kilimwishia. Mama aliugua homa msimu wa masika, mimi sijaanza kutembea. Mto ulijaa, gari halikuweza kuteremka kwenda hospitali wala kumleta nyumbani, na wafanyakazi wenzake wakamzika hapo kwenye bustani aliyokuwa akiimwagilia. Bibi alifika baada ya maji kupungua, akanikuta mgongoni kwa mpishi. Baba hakuweza kuendelea kukaa pale.

Sikulia. Niliuliza kichwa kiko upande gani, akanionyesha. Nikaenda upande huo nikasema shikamoo, kwa sauti ileile ya mazoezi, kwa sababu nilikuwa nimeiandaa na sikujua niipeleke wapi. Bibi akageuza uso. Tulikula viazi pale, akamwaga maziwa kidogo juu ya udongo. Wakati wa kurudi, nilipochoka, alinibeba mgongoni, msichana mkubwa wa shule, miguu yangu inaning'inia. Hakuna gari lililotupita njia nzima.

Siku ya pili jirani hakutaka khanga irudishwe. Shuleni waliponiuliza nikawajibu kwamba mama yangu amekufa, na hawakuuliza tena. Lakini ukimya wa nyumbani kwetu ulibadilika. Mwanzo ulikuwa ukimya wa kusubiri mtu, nao una joto lake. Baada ya hapo ulikuwa ukimya tu. Kuku niliacha kumsimulia. Bibi naye alianza kuniongelesha zaidi, maneno marefu kwa lugha yake, akihofia nisije nikakosea tena, na ndivyo nilivyojifunza Kimbulu vizuri. Ameshalala miaka mingi sasa, na hapa mtaani sina wa kuzungumza naye lugha ile.

Watu wakizitaja siku zile husema hakukuwa na kitu, na ni kweli. Mimi nikizikumbuka naiona miezi ile ya kungoja mvua iishe na khanga zije, nikiwa nimelala kitandani nachagua sura ya mama. Sura yake halisi sikuwahi kuiona, hakuna aliyempiga picha. Bibi alidhani ananichelewesha, akawa ananiomba radhi kila foleni ilipotushinda. Hakujua kwamba ndiyo miezi pekee niliyowahi kuwa na mama.