Taa Niliyoiziba

Dada yangu alinitamkia waziwazi kwamba halichukui lile gari huku taa ya tairi inawaka. Alikuwa mshonaji pale sokoni Gikomba, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata kitambaa, na alinijua vizuri. "Bro, badilisha hizo sensa kwanza, ndio tulichukue." Nikamwambia nitabadilisha. Nikamtania pia kwamba marehemu baba aliendesha pikapu maisha yake yote akipima upepo kwa teke. Hakucheka.

Gari lilikuwa limetumika Uingereza kabla ya kunifikia mimi mtaani Mbotela. Magari ya huko huja na kidude ndani ya kila gurudumu, ndiyo hiyo sensa, na upepo ukipungua, taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi. Kwangu ilikuwa imewaka karibu mwaka mzima na nilikuwa nimeizoea kama kikohozi cha jirani. Lakini dada na mumewe walitaka kusafiri nalo Ijumaa hiyo hadi nyumbani, magharibi, kumwona mama mkwe wa dada aliyekuwa hoi kitandani. Nikalipeleka kwa fundi wangu, kando ya Jogoo Road.

Fundi akaunganisha kimashine chake, akatikisa kichwa. "Buda, sensa zote nne zimekufa betri, ndio maana taa inawaka. Hizi hazichajiwi, ni kubadilisha tu. Na za hii gari hupati hapa tao. Niagize, ungoje kama wiki mbili hivi."

"Gari linasafiri Ijumaa. Huwezi kuizima tu hiyo taa?"

Akanitazama kidogo. "Naweza weka tepu nyeusi huko nyuma yake, haitaonekana. Lakini mwenye gari ajue."

"Mwenye gari ni mimi," nikamjibu kwa ukali, kama kwamba alikuwa amenitukana.

Alimaliza kabla sijamaliza chai yangu. Alhamisi nikalipeleka kwao, mtaa wa Huruma. Dada akaketi mbele ya usukani, akawasha, akakagua dashibodi, kisha akanikagua mimi.

"Umebadilisha kweli?"

"Zote nne."

Akamwita mumewe aje aone, akasema kumbe hata mimi nikiambiwa nasikia. Aibu yangu ni kwamba nilifurahi. Nilikunywa uji kwao na kurudi nyumbani nikijiona kaka mwema.

Kesho yake mchana, walipokuwa wamepita Nakuru, tairi la nyuma lilipasuka. Polisi walisema lilikuwa likivuja polepole, likakimbia bila upepo wa kutosha hadi likachemka. Gari liliacha barabara na kupinduka. Shemeji alitoka na mkono uliovunjika. Dada yangu alikufa palepale.

Nimejitetea mwenyewe kwa kila njia. Nimejiambia kwamba taa ile ilikuwa ikiwaka kwa sababu ya betri tu, isingeweza kuwaambia lolote kuhusu tairi lile. Ni kweli. Lakini ningeiacha iwake, dada asingeingia ndani ya gari lile, na ningeagiza sensa mpya, wangesimama kwenye kituo cha kwanza cha petroli. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema ni nani huvunjika mkuu asiposikia la mdogo.

Kwetu, binti aliyeolewa akifa hazikwi kabla watu wake hawajauliza. Mnakwenda kwa mumewe, mnakaa upande wenu wa hema, na msemaji wenu anasimama kumwuliza mume mbele ya wote: binti yetu amekufaje? Baba hayupo na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo msemaji nilikuwa mimi. Wajomba walikuwa wamenionya nisimwonee shemeji huruma, maana wao walishaamua kwamba ni dereva mzembe. Mimi nilikuwa nimeamua njiani kwamba nitasema ukweli. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno. Nilisimama, nikauliza swali kama linavyoulizwa.

Shemeji akasimama, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Hakujitetea.

"Nilikuwa naendesha mimi," akasema. "Yeye aliniambia gari linavuta upande mmoja, tusimame tuangalie tairi. Nikaangalia dashibodi, taa haikuwa imewaka. Nikamwambia kwamba kaka yake amebadilisha sensa zote, kungekuwa na shida tungeonyeshwa. Akaniambia tena tusimame. Nikakataa, nilitaka tufike mapema. Makosa ni yangu."

Wajomba wakaguna. Mama yangu akajifunika uso kwa leso na kuanza kulia. Upande wa shemeji hakuna aliyeinua kichwa. Wote walikuwa wakinisubiri, kwa sababu msemaji aliyefungua jambo ndiye hulifunga. Nilimchukia fundi, nikamchukia shemeji kwa kuniamini, na kuliko wote nilijichukia mimi.

Shemeji akaja hadi katikati ya hema, akapiga magoti mbele yangu.

"Nisamehe, shemeji. Nimekuulia dada."

Sentensi moja tu ingetosha. Nikainama, nikamwinua kwa ule mkono wake mzima, kisha nikasema kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya hema kwamba watu wetu wamemsamehe.